Kumfundisha kijana kuvaa uhusika, na kuuvua



Katika somo hili tunataka kuzungumza na ninyi mnaosimamia vikundi vya vijana vya michezo ya kuigiza, iwe parokiani, shuleni, katika kituo cha vijana au chini ya mwembe wa mtaani. Kila kundi lina kijana mmoja au wawili ambao hawafanani na wengine. Wengine wanakuja kwa sababu ya urafiki, au kwa sababu siku ya mchezo kuna soda na nauli. Huyu anafika wa kwanza na kuondoka wa mwisho, na anauliza kwa nini mhusika wake amesema hivi na si vile. Ana miaka 15, labda 16. Ukimwuliza anataka kuwa nani, anajibu bila kusita: mwigizaji wa jukwaani na wa filamu, kazi ya maisha. Kijana huyo tumpe nini?

Kwa kawaida tunampa semina ya siku tatu. Shirika linakuja na mada: kurudi kwa wakimbizi, ugomvi wa mashamba, ubakaji, uchaguzi. Siku ya kwanza vijana wanaelezwa mada, siku ya pili wanatunga mchezo, siku ya tatu wanaurudia mara mbili, siku ya nne wako sokoni. Watu wanajaa, wanacheka, na ripoti inaandikwa kwamba watu mia kadhaa wamefikiwa na ujumbe. Hatusemi kwamba kazi hiyo haina faida. Lakini tuangalie kilichowachekesha. Mara nyingi wanacheka pale askari mlevi anapomvuta mwanamke kuelekea porini, kwa sababu mwanamke huyo ni mvulana aliyejifunga kitenge na kupiga yowe kwa sauti nyembamba. Na kati ya watu hao wanaocheka amesimama mama ambaye jambo hilo lilimpata kweli. Yeye anavuta kitambaa chake kichwani, anachukua kikapu na kuondoka. Mchezo wa amani umemtia aibu mara ya pili, na hakuna aliyekusudia.

Ndiyo maana tunasema ufundi wa kuigiza si anasa ya watu wa Kinshasa au wa Ulaya. Mahali penye vidonda vibichi, mchezo mbaya unaumiza watazamaji. Na kama tutakavyoona, mafunzo mabaya yanamwumiza hata mwigizaji.

SAUTI NA MWILI KWANZA

Tunaanza na pumzi. Kijana anayecheza nje, bila kipaza sauti, hupiga kelele kwa koo. Baada ya dakika 10 sauti imekauka na watu wa nyuma hawasikii tena. Mlazeni chali, mkono juu ya tumbo, avute hewa mpaka mkono uinuke wenyewe, kisha aiachie polepole kwa sauti ya "sss" huku mwenzake akihesabu. Wiki ya kwanza wengi wanaishia 12 au 15. Wakifanya kila siku, baada ya muda wanapita 30. Halafu wasimame wawili wawili na kuambiana neno la siri kwa umbali wa hatua 5, kisha 15, kisha 40. Kanuni ni moja: kwa hatua 40 neno lisikike, lakini libaki siri. Likigeuka tangazo, warudi hatua 15.

Kiswahili kina mtego wake hapa. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na pumzi ikipungua, silabi ya mwisho inamezwa. Sasa sikilizeni: "amepiga" na "amepigwa", "walifukuza" na "walifukuzwa". Tofauti yote iko katika silabi ile inayomezwa. Kijana akishindwa kuifikisha mpaka nyuma ya uwanja, mshambuliaji amekuwa mwathirika na mwathirika amekuwa mshambuliaji, katika kijiji ambako watu wanabishana miaka yote ni nani aliyemfukuza nani. Tunawapa vijana wetu maneno ya namna hiyo kama zoezi, na msikilizaji anayesimama mbali kabisa ainue mkono wa kulia au wa kushoto kuonyesha alichosikia. Wanacheka sana, na wanajifunza haraka.

Mwili nao unafundishwa kwa macho. Mtumeni kijana akakae saa moja sokoni, kwa mfano Kadutu pale Bukavu, amtazame mtu mmoja tu: mbeba mizigo, muuza unga, mzee anayesubiri deni lake. Asiongee naye. Arudi na kumwonyesha bila maneno. Kule Goma zoezi zuri kuliko yote ni chukudu. Kijana asukume chukudu isiyokuwepo, yenye magunia yasiyokuwepo, kwenye mlima usiokuwepo, mpaka wenzake waweze kusema ni magunia mangapi. Wengi wanaanza kwa kukunja uso na kuhema. Uso hausukumi chukudu. Yanayosukuma ni mgongo, nyonga na kisigino, na mara kijana anapoyapata hayo, uso unafuata wenyewe.

HUZUNI HAICHEZEKI

Kosa kubwa la waanzilishi ni kucheza hisia. Umwambie "mumeo amekufa", naye anajipiga kifua na kulia. Mrusi Konstantin Stanislavski (1863-1938), aliyeanzisha Teatri ya Sanaa ya Moscow mwaka 1898 pamoja na Vladimir Nemirovich-Danchenko, alitumia maisha yake yote kutafuta njia nyingine. Kutokana na kazi yake walimu wengi wa uigizaji wamezoea kumwuliza mwanafunzi maswali ya kawaida kabisa. Wewe ni nani? Uko wapi, na ni saa ngapi? Unataka nini kwa huyu aliye mbele yako? Nini kinakuzuia? Unafanya nini ili ukipate? Jibu la swali la mwisho lazima liwe kitendo, si hali: kuomba, kuficha, kubembeleza, kutisha, kuchelewesha.

Tuchukue mfano. Askari ameingia uani kwa mama anayechagua maharage. Ukimwambia msichana anayemcheza mama "uogope", atatetemeka na kupiga yowe, na soko litacheka. Mwambie hivi: binti yako yuko nyuma ya nyumba, anahitaji muda kidogo ili afike kwenye migomba, kazi yako ni kumchelewesha mtu huyu. Sasa atampa kiti. Atamwuliza kama amekula. Mikono itaendelea kuchagua maharage, polepole mno, na jicho halitatazama nyuma ya nyumba hata mara moja. Hajacheza woga hata kidogo, na uwanja mzima umenyamaza.

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo tunaomba mlisome mara mbili. Stanislavski, katika miaka yake ya mwanzo ya utafiti, alivutwa na wazo alilolikuta kwa mwanasaikolojia Mfaransa Théodule Ribot, la kumbukumbu ya hisia. Mwigizaji anayetakiwa kulia anatafuta katika maisha yake siku aliyolia kweli, anairudia kichwani kwa harufu na sauti zake, na machozi yanakuja. Huko New York, Lee Strasberg alijenga mafundisho yake juu ya wazo hilo. Lakini mwaka 1934 Stella Adler, aliyekuwa akiigiza katika kundi lilelile la Strasberg, alikutana na Stanislavski mjini Paris na kufanya naye kazi kwa wiki kadhaa. Alirudi Marekani na habari kwamba mzee sasa anatilia mkazo mazingira ya mhusika, kitendo, na nguvu ya kuwaza. Strasberg hakukubali, na wafuasi wao wamebishana juu ya jambo hili kwa vizazi.

Sisi hatuna haja ya kungoja mabishano hayo yaishe. Katika chumba cha vijana 20 wa Kivu, wa Ituri au wa Tanganyika, ukisema "kila mmoja akumbuke siku aliyoogopa kuliko zote", hujui unafungua mlango gani. Kijana atakumbuka. Huenda akaigiza vizuri ajabu siku hiyo, na usiku asilale, na kesho asirudi. Mkufunzi mgeni atapanda ndege yake na kusema ameona vipaji vya kushangaza.

Na hata tukiweka huruma pembeni, ni ufundi dhaifu. Mchezo huo utachezwa Jumatatu Uvira, Jumatano Sange, Ijumaa Luvungi. Kumbukumbu iliyoleta machozi mara ya kwanza, mara ya nne imechakaa, na kijana anabaki jukwaani akijikamua kama nguo iliyokwisha kukauka. Lakini kitendo cha kumchelewesha askari hakichakai, kwa sababu kila siku askari anakuja kwa namna nyingine kidogo na lazima achelewe upya.

Kwa hiyo tuna kanuni: hakuna anayecheza habari yake mwenyewe. Katika kuitekeleza, msimwulize kijana mbele ya wenzake yaliyompata ili mjue asicheze nini. Hilo nalo ni kumfungua kidonda. Mpeni kila mmoja haki ya kukataa uhusika bila kutoa sababu, na muieleze haki hiyo siku ya kwanza, kabla haijahitajika. Mwangalifu zaidi awe kiongozi anayegawa uhusika. Mvulana aliyetoka katika kundi lenye silaha anapewa karibu kila mara uhusika wa askari, kwa kuwa "yeye anajua kushika bunduki". Atauweza, bila shaka. Watu watapiga makofi, naye atakuwa amejifunza kwamba hicho ndicho kitu chake kinachopigiwa makofi. Mpeni uhusika wa mwalimu, wa bwana harusi mwenye haya, wa muuza mandazi. Huko ndiko atakakojua kama ni mwigizaji.

KUUVUA

Mazoezi mengi yanakwisha kwa mkufunzi kutazama saa na kusema "tuonane kesho". Kijana aliyekuwa akipigwa, au akipiga, kwa saa mbili anapanda pikipiki na kwenda nyumbani akiwa bado nusu yuko kule. Kuuvua uhusika ni sehemu ya mafunzo kama pumzi ilivyo, na kunahitaji muda wake: robo saa, kila siku, hata kama gari la shirika linapiga honi.

Sisi tunafanya hivi. Kila mhusika ana kitu kimoja cha kuvaa, kofia, kitenge au koti, na kitu hicho hakivaliwi nje ya mazoezi. Mwisho wa kazi wote wanasimama duara. Kila mmoja anavua kitu chake, anakiweka chini, anataja jina la mhusika na kusema kinachomtofautisha naye: "Huyu ni Mushamuka Bahati, ana wake wawili na ameuza shamba la kaka yake. Mimi nina miaka 16 na nasoma mwaka wa nne." Waliocheza maadui wanapeana mikono na kuitana majina yao. Wananawa uso. Wanaimba kitu cha kucheza, si wimbo wa mchezo. Kama kuna chakula, kinaliwa wakati huo, kwa pamoja. Kiongozi anatazama ni nani ambaye hacheki. Kijana anayetetemeka, anayekaa kimya bila kurudi, au anayekasirika bila sababu, aondolewe katika tukio hilo na apelekwe kwa mtu aliyefunzwa kusaidia watu wa namna hiyo, kama yupo kwenye kituo cha afya. Mchezo wa kuigiza si dawa, na sisi si waganga.

Mtaa nao una njia yake ya kumrudisha kijana katika uhusika. Baada ya mchezo watoto watamwita kwa jina la yule mbaya aliyemcheza. Msichana aliyecheza mke mhuni ataambiwa maneno kisimani, na ni wavulana wakubwa watakaoyasema. Fungeni mchezo kwa kuwaleta waigizaji wote mbele bila mavazi yao, kila mmoja ataje jina lake na shule yake, au mtaa wake. Dakika mbili zinatosha. Na kabla ya onyesho la kwanza waiteni wazazi kwenye mazoezi, hasa mama za wasichana, waone kwa macho yao nini kinafanyika na nini hakifanyiki.

MBELE YA WATAZAMAJI WANAOJIBU

Wengi wenu mnatumia mchezo wa kushirikisha watazamaji: mchezo unafika penye ugomvi mkali, unasimama, na kiongozi anawaita watu waingie na kujaribu njia nyingine. Njia hii imetoka kwa Mbrazili Augusto Boal (1931-2009). Yeye mwenyewe alisimulia ilikotoka, na habari mbili kati ya hizo zinafaa kwa vijana wetu.

Ya kwanza ni ya kaskazini-mashariki mwa Brazil. Boal na wenzake walikwenda kuwachezea wakulima mchezo uliomalizika kwa wimbo wa kumwaga damu kwa ajili ya ardhi, bunduki zikiwa juu. Mkulima mmoja, Virgilio, alifurahi sana. Akawaalika wachukue bunduki zao waende pamoja, mara moja, kumfukuza mwenye shamba. Waigizaji wakaeleza kwa haya kwamba bunduki zao ni za mbao. Sawa, akasema Virgilio, hizo ni za uongo, lakini ninyi ni watu wa kweli. Njooni tu, sisi tunazo za kuwatosha wote. Hawakwenda. Boal alisema baada ya siku ile hakuthubutu tena kumhimiza mtu afanye jambo la hatari ambalo yeye mwenyewe hakuwa tayari kulifanya. Someni habari hiyo na vijana wenu, kisha mwaulize maneno ya mchezo wenu yanamtaka mtazamaji afanye nini akitoka hapo, na ni nani atakayelipa.

Ya pili ni ya Peru, mwaka 1973. Watazamaji walikuwa wakiwashauri waigizaji nini cha kufanya, na waigizaji wakijaribu. Mwanamke mmoja alitoa ushauri, wakaucheza, akasema sivyo. Wakaucheza tena, sivyo. Mwishowe akapanda jukwaani na kuonyesha mwenyewe, na hakuwa na upole. Tangu hapo mtazamaji anaingia katika mchezo.

Kwa mwigizaji kijana huu ni mtihani mgumu kuliko filamu yoyote. Mtu asiyemjua anaingia bila mazoezi, na yeye lazima aendelee kuwa mhusika. Anayecheza chifu mla rushwa akilegea kwa neno la kwanza la mama muuza samaki, watu wamedanganywa. Kesho mama huyo atakwenda kwa chifu wa kweli na kuona mambo mengine. Asipolegea kamwe, watu wamefundishwa kukata tamaa. Inambidi asikilize kweli, ajue chifu huyu anataka nini na anaogopa nini, na asogee pale tu anapoguswa. Zoezi lake ni hili: kijana mmoja anashika bidoni la mwisho la maji, na wenzake wanakuja mmoja mmoja kuliomba, kila mmoja kwa njia yake. Amekatazwa kukataa kwa ukaidi, na amekatazwa kutoa kwa huruma. Atoe siku ile tu anapokosa sababu ya kuendelea kulishika. Tumeona zoezi hilo likichukua asubuhi nzima.

JUKWAA NA KAMERA

Kuna wanaodhani kwamba ufundi ni kitu cha kusoma maandishi ya Kifaransa. Mjini Lubumbashi kundi la Mufwankolo limejulikana kwa miaka mingi kwa michezo yake ya Kiswahili cha Katanga, jukwaani na kwenye televisheni. Mwaka 1986 mtaalamu Johannes Fabian alikaa nao wakati wakitunga mchezo kutokana na usemi mmoja juu ya mamlaka kuliwa mazima, na kuandika kitabu kilichotoka mwaka 1990. Hapakuwa na maandishi ya mchezo. Palikuwa na majadiliano marefu juu ya maana ya usemi, juu ya nani anaingia na kwa nini, kisha mazoezi, kisha majadiliano tena, mpaka mchezo ukachezwa na kurekodiwa katika kijiji cha Kawama. Hiyo ni nidhamu ya kazi, kwa lugha yetu, bila karatasi.

Kamera ina masharti yake. Kinachofikishwa hatua 40 jukwaani ni kelele mbele ya kamera iliyo hatua moja kutoka usoni. Pale kuwaza tu kunaonekana. Matukio hayapigwi kwa mfuatano: matanga Jumatatu, harusi Alhamisi. Tukio moja linarudiwa mara 10, na mkono ulioshika kikombe mara ya kwanza ndio ushike mara ya kumi. Siku hizi simu moja ya kundi inatosha kwa kujifunza. Pigeni tukio la maharage kutoka hatua 20, kisha kutoka hatua moja, mtazame pamoja. Kijana ataona mwenyewe nini cha kupunguza.

Tunasikia pia watu wakisema mafunzo hayana maana, kwa kuwa Rachel Mwanza hakusoma popote. Ni kweli kwamba alikuwa msichana aliyeishi barabarani Kinshasa, na kwamba mwaka 2012 alipewa mjini Berlin Dubu wa Fedha, tuzo ya mwigizaji bora wa kike, kwa uhusika wa mtoto askari katika filamu ya "Rebelle" ya Mkanada Kim Nguyen. Lakini tazameni jinsi filamu ile ilivyopigwa: hadithi ilifuata mpango wake tangu mwanzo hadi mwisho, na waigizaji waliigundua siku kwa siku. Mwongozaji aliipanga kazi yote ili ichukue nafasi ya mafunzo ambayo hakuyapata. Filamu chache zina subira hiyo, na jukwaani haiwezekani kabisa. Kwa "Johnny Mad Dog" ya mwaka 2008, iliyotokana na riwaya ya Emmanuel Dongala wa Kongo-Brazzaville na kupigwa Liberia, mwongozaji Mfaransa Jean-Stéphane Sauvaire aliwapa uhusika wa watoto askari vijana waliokuwa wapiganaji kweli. Watengenezaji waliunda taasisi ya kuwasaidia. Filamu ina nguvu ya kutisha. Sisi, hata hivyo, tungebaki na kanuni yetu.

Jambo moja la haraka, lakini la uhai: bunduki ya mbao iliyopakwa rangi nyeusi, saa 12 jioni, kwa macho ya askari wa doria ni bunduki. Msipige tukio la silaha nje bila kuwajulisha kwanza wakuu wa mtaa na wenye kulinda usalama mahali hapo, mchana tu, na mtu mmoja akae na silaha hizo na kuzihesabu. Au chezeni kwa fimbo za kawaida. Watazamaji wetu wanajua bunduki ni nini. Hawahitaji kuonyeshwa rangi yake.

KIJANA ANAYETAKA KUIFANYA KAZI

Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inahesabu kuwa mtoto kila mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Kijana wetu yumo. Anapokuja mtengeneza filamu, kutoka Kinshasa au kutoka mbali zaidi, msimamizi wa kundi aulize mbele ya mzazi: hadithi yote ni ipi, si ukurasa wa kijana tu? Atafanya kazi saa ngapi, na shule? Fedha ni kiasi gani, zinatolewa lini, mkononi mwa nani? Filamu itaonyeshwa wapi? Swali hili la mwisho lina uzito kuliko zamani. Uso wa msichana anayecheza mwathirika wa ubakaji utazunguka kwenye simu za mtaa mzima, umekatwa dakika moja, bila jina la filamu, na atakayeuona hatajua kwamba ni mchezo. Majibu yaandikwe na kutiwa sahihi. Mtu mwenye nia njema hachukizwi na maswali haya.

Na mwambieni kijana amalize shule. Institut National des Arts ya Kinshasa ni chuo cha elimu ya juu, masomo ni kwa Kifaransa, na bila diploma ya Serikali mlango haufunguki. Si njia pekee. Kisangani kuna Studios Kabako, iliyoanzishwa mwaka 2001 na Faustin Linyekula, mcheza dansi aliyezaliwa na kukulia upande ule, Goma, Yole!Africa imefundisha vijana filamu, dansi na muziki kwa miaka mingi. Lakini wengi wa wanaosoma somo hili wako mbali na miji hiyo, na kijana wao atapata mafunzo yale tu watakayompa wao. Saa mbili mara tatu kwa juma, kwa mwaka mzima, zinampa zaidi ya semina 10 za siku tatu.

Kwa mkutano wenu ujao tunapendekeza mchukue mchezo mmoja mliokwisha kuucheza na kuupitia upya pamoja na waigizaji. Watazamaji walicheka wapi, na walikuwa wakimcheka nani? Kila mhusika alikuwa akitaka nini katika tukio lile? Ni nani aliyepewa uhusika kwa sababu ya yaliyompata? Baada ya onyesho, kundi lilikaa pamoja kwa dakika ngapi kabla ya kutawanyika? Halafu rudieni tukio moja tu, lile lililochekesha, mara hii mkitafuta kitendo badala ya yowe, na mualike mama watatu wa mtaa waje kutazama. Msiwaeleze mlichobadilisha. Ngojeni waseme wao.